Eko Iliyomeza Vichwa vya Maneno

Wiki haipiti bila kijana mmoja kubisha hodi kwangu hapa Makambako, gitaa mgongoni na simu mkononi, kuniuliza, "Mzee Otmari, ninunue eko ipi?" Ananionyesha picha: eko nyekundu, eko za kijani, eko zenye taa nyingi kuliko basi la usiku. Nikimwuliza anapiga nini, ananijibu kwamba bado anajifunza kushika C. Mwanangu, shika kwanza hiyo C. Eko hurudisha ulichopiga, na ukipiga ovyo itakurudishia ovyo yako mara sita mbele za watu.

Basi nimechoka kurudia maneno yale yale kila siku, kwani mimi si eko. Nayaandika hapa. Nimepiga gitaa la solo kupata ugali wangu tangu ujana mpaka vidole vilipoanza kukakamaa kwa baridi ya huku kwetu, na katika umri huo wote swali la eko ipi nimelijibu mara moja tu kwa moyo wangu wote. Someni msome vizuri, maana wengi wenu hamtakubaliana nami.

Kwanza tuelewane. Eko ni kile kikanyagio kidogo kinachokaa miguuni pa mpiga gitaa. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili kwenda kwenye amplifaya. Ukikikanyaga, kila noti unayopiga kinaishika, kinasubiri kidogo, kisha kinairudisha, tena na tena, kila mara sauti ikififia. Gitaa moja linakuwa na watoto. Kabla ya hizi za dijitali kulikuwa na mashine za mkanda ambazo sisi tulizisikia redioni tu, kwenye muziki wa watu wenye bahati zao.

Sisi tulikuwa na tangi. Msicheke. Bendi yetu, Kitandililo Super Sauti, ilikuwa inapiga kwenye baa moja yenye tangi kubwa la maji, tupu, nyuma ya ukumbi. Chesko, mpiga besi wetu, ambaye ndiye aliyenifundisha gitaa na kunizaba makofi nilipokosea, aligundua kwamba ukiingiza spika moja ndani ya tangi na kuning'iniza maiki mdomoni mwake, solo inatoka na mwangwi wa kanisa kubwa. Watu walitoka mbali kuja kusikia. Tulitamba hivyo mpaka siku mwenye baa alipopata maji, akafungulia bomba bila kutuambia, nami niko katikati ya solo. Spika ile ilimalizia wimbo kwa mapovu. Wachezaji walipiga makofi wakidhani ni mtindo mpya.

Ndipo zikaja zama za ruksa. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulipanga foleni ya sabuni, halafu ghafla sabuni ikawa ya rangi tano na inanukia matunda. Mitumba ikafika, redio zikafika, na Alhaji Mbaraka akafika nazo. Alhaji alikuwa mtu wa Kigoma mwenye malori na duka karibu na njia panda, na alikuwa ameanza kwenda Dubai. Kule alinunua kwa macho. Kikimpendeza, anabeba, matumizi yake atayajua akirudi. Ndivyo nilivyoingia siku moja kutafuta nyuzi za gitaa, nikaona, kwenye rafu ya vifaa vya cherehani, eko mbili za dijitali zimekaa katikati ya bobini na mikanda ya ngozi. Moja ya bluu, moja nyeupe.

"Alhaji," nikamwuliza, nikijikaza nisipige kelele, "hizi ni nini?"

"Pedali za cherehani ya umeme," alisema. "Lakini mbovu. Ile nyeupe nilimpa fundi mmoja hapo jirani, kaikanyaga wiki nzima, cherehani haijashona hata kifungo. Kairudisha kwa matusi."

Nilipomweleza ni za gitaa, Alhaji alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akawa mfanyabiashara tena. Tukapatana kwamba bendi itampigia siku ya kufungua duka lake la pili, na malipo yetu yatakuwa eko moja. Moja tu. "Chukueni zote mbili, bwana mdogo, mkazijaribu," akasema. "Jumatatu inayofuata moja inarudi hapa kwenye rafu. Mkishachagua, mmechagua. Wallahi sibadilishi."

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, maana kuna kazi. Eko mbili za dijitali zinaweza kufanana sura na nobu za kuzungusha, tofauti yake ikawa kumbukumbu. Ile ya bluu ilikuwa na kumbukumbu ndefu. Ukiiambia neno, inalishika lote, inakusubiri umalize, ndipo inalirudisha zima. Ile nyeupe ilikuwa na kumbukumbu fupi. Huanza kujibu kabla hujamaliza kusema, kwa hiyo kichwa cha neno kinafunikwa na sauti yako mwenyewe, na kinachobaki kusikika ni mkia. Tulizijaribu kwa maiki. Nikasema "Makambako" kwenye ya bluu, ikajibu, "Makambako… Makambako…" Nikasema kwenye nyeupe, ikajibu, "Bako… bako… bako…" Chesko akataja jina lake mwenyewe, akarudishiwa "ko, ko, ko," na kuku wa jirani wakaja kuangalia.

Muda wa eko upimeni kwa kiazi. Hii ni njia ya Chesko, na sijaona iliyo bora. Piga noti moja, kisha sema "kiazi" kwa mwendo wa ngoma yenu. Noti ikirudi umemaliza tu kusema kiazi, hapo ni sawa kwa rumba. Ikirudi uko kwenye "ki", hiyo ni fupi, itakufaa kwa vipande vya haraka. Na kama unafika "kiazi mviringo cha Njombe" ndipo noti inarudi, punguza muda, la sivyo utakuwa unacheza na noti za wimbo uliopita. Nobu ya marudio nayo usiizungushe mpaka mwisho. Ukifanya hivyo sauti haififii tena, inajilundika juu ya yenyewe mpaka spika inalia, na mwenye ukumbi analia pia.

Chesko alitaka nyeupe. Alisema mkia wa noti ndio wenye utamu, kichwa kila mtu anacho. Mimi nilitaka ya bluu. Tulibishana kiasi kwamba mpiga ngoma alihama kambi kwa siku kadhaa. Tena ile nyeupe ilikuwa na kilema: yule fundi cherehani aliikanyaga kwa hasira hadi swichi ikagandia ndani. Ikishawaka, haizimiki mpaka uichomoe betri. Mtu mwenye akili timamu angechagua ya bluu bila hata kukaa chini. Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka iliyo bora, ambayo haikuhusu muziki hata kidogo.

Sababu hiyo iliitwa Skolastika.

Skolastika alikuwa binti wa Mzee Gaudensi, katekista wa misheni moja nje kidogo ya Njombe. Nilikuwa nimempenda kupita kiasi, siwezi kusema vinginevyo, na yeye alinipenda kwa kiasi chake, ambacho hakukitangaza. Baba yake ndiye alikuwa mlima. Posa yangu ilikwisharudishwa. "Gitaa si kazi," alimwambia mshenga wangu. "Kazi ni kitu ambacho mvua ikinyesha kinaota." Tena alikuwepo mchumba mwingine, mfugaji wa Matamba, ambaye ng'ombe wake wa maziwa Mzee alikuwa anawasifia hata katika mafundisho ya komunyo.

Hata hivyo kaka yake Skolastika alipotaka kuoa, akatuita sisi kupiga kwenye harusi, na Mzee akaniletea ujumbe mwenyewe. "Nitakutazama siku hiyo," alisema. "Nikiona ni kazi, utasema ulilo nalo. Nikiona ni uhuni, usikanyage tena kwangu, na binti ataolewa Matamba." Harusi iliangukia Jumamosi, siku mbili kabla ya ile Jumatatu ya Alhaji. Nikafunga safari ya Njombe na eko zote mbili kwenye mfuko wa gunia, ya bluu juu, nyeupe chini, ikiwa tu ya akiba.

Harusi ilikuwa nzuri. Misa imekwisha mapema, ukungu umeondoka, watu wamekaa ukumbini na makoti yao, pilau linanukia, ulanzi, pombe ya mianzi, unazunguka kwenye ndoo. Nilipiga vile ambavyo sijawahi kupiga. Eko ya bluu ilinibeba mpaka masista wakawa wanatikisa vichwa. Nilimwona Mzee Gaudensi akipigapiga kidole mezani, nami moyoni nikajisemea, Otmari, unaoa.

Ukafika wakati wa hotuba, na kipaza sauti cha wenyeji kikakataa. Kwetu kulikuwa na amplifaya moja, nayo tundu lake lilikuwa limeharibika, fundi akaunganisha waya wa eko moja kwa moja kwa risasi ya kulehemu. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kusikika ukumbini ilibidi apitie kwenye eko. Nikachomoa gitaa, nikachomeka maiki, nikampa Mzee. Nilisahau tu kukanyaga swichi.

"Kamwene!" alisalimia Mzee.

"Kamwene!" ukaitikia ukumbi.

"Kamwene… kamwene… kamwene…" ikasema spika.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Kwa Wabena, kamwene ni salamu na ni jibu pia. Mtu akikuambia kamwene, unamrudishia kamwene, na kuiacha salamu ikining'inia ni dharau ambayo watu huikumbuka mpaka matangani. Mzee Gaudensi, mtu wa adabu kuliko wote niliowahi kukutana nao, aliigeukia spika, akavua kofia, akaijibu.

"Kamwene."

"Kamwene… kamwene… kamwene…"

"Ee, kamwene!"

Bibi zake bwana harusi waliokaa mstari wa mbele nao wakaanza kuitikia, maana spika ilikuwa inawatazama wao. Salamu ikawa haina mlango wa kutokea. Mimi jasho linanitoka katika baridi ya Njombe. Nikaruka, nikakanyaga swichi. Kimya.

"Nani amemnyamazisha?" aliuliza Mzee kwa ukali.

"Samahani, Baba, ni mashine tu. Inarudia maneno."

"Mashine?" Aliinama kuitazama. "Ina adabu. Nimefundisha watoto hapa tangu nywele zangu nyeusi, nawasalimia wananiangalia tu. Hii haijachoka kuitikia. Iwashe."

Nikaiwasha. Akasalimia upande wa bibi harusi, ikaitikia. Akasalimia waliotoka mbali, ikaitikia. Akasalimia wapishi mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa unang'aa, na kila akimaliza ananitazama mimi, mwenye mashine, kwa jicho ambalo sijawahi kulipata kwake. Vijana, nilikuwa nimefika. Nilikuwa nimeushika mlima kwa kilele.

Hapa mkumbuke jambo moja la kazi: eko ya dijitali hula betri kwa ulafi, na yenye kumbukumbu ndefu hula zaidi. Mzee akafika kwa wazee wa kanisa, akawapa kamwene ya heshima kabisa, na eko ikajibu, "Kamwene… kamwe… kamwe…" halafu ikazima.

"Kamwe?" Mzee alishtuka. "Kamwe nini?"

"Betri, Baba! Betri imekwisha!"

"Iwekee nyingine."

Betri nyingine tuliyokuwa nayo ilikuwa ndani ya ile nyeupe, na kifuniko chake hakifunguki bila bisibisi, na bisibisi imebaki Makambako. Tukaichomeka nyeupe nzima nzima.

"Otmari," Mzee akasema kwenye maiki, kwa sauti ya taratibu, na ile nyeupe ikarudisha "mari… mari…" kwa upole kiasi kwamba hakuna aliyeona tofauti. "Njoo hapa. Leo nimefurahi. Lile ulilomtuma mshenga, liseme mwenyewe mbele ya watu hawa."

Nikaenda. Nilimwona Skolastika amesimama karibu na sufuria za pilau, amekunja mikono, ananiangalia bila kupepesa. Nikashika maiki kwa mikono miwili, nikasema polepole ili nisikosee:

"Baba, Skolastika… namtaka."

"Taka… taka… taka…" ikasema spika.

Pilau lilikoma kutafunwa. Shangazi yake alisimama na mwiko.

"Amemwitaje?"

"Sikusema taka!" nilipiga kelele.

"Taka… taka… taka…"

"Jamani, nisamehe!"

"Mehe… mehe… mehe…"

Watoto wakaanza kulia kama mbuzi. Nikakanyaga swichi, imeganda. Nikaikanyaga tena, nikaikanyaga kama yule fundi cherehani, na siku hiyo nilimwelewa yule bwana na matusi yake yote. Mzee Gaudensi alininyang'anya maiki. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. Alivuta pumzi, akatamka kwa hasira na kwa haraka, neno moja:

"Sikubali!"

Sasa, mtu mwenye hasira husema mbiombio, na akisema mbiombio ile nyeupe haipati nafasi ya kumeza sana. Ilimeza "si" peke yake.

"Kubali… kubali… kubali…"

Mzee aliitazama spika kwa macho ya mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Nimesema sikubali!"

"Kubali… kubali… kubali…"

"Kubali, Gaudensi!" akadakia babu mmoja kutoka upande wa ulanzi. "Hata chenyewe kimechoka kukubembeleza!"

Hapo ukumbi ulilipuka. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakagonga meza, kubali, kubali, na spika ikawachukua na kuwarudisha. Chesko, mjinga yule, akaanza kupiga besi kwa mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mzee wa watu, ambaye aliniamini kwa muda mfupi mbele ya ukoo wake, na sasa anachekwa. Niliona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yangu, nikajua kwamba kelele za walevi hazitanipa mke. Mzee alikuwa na haki ya kuiweka ile maiki chini na kusema hapana kwa mdomo wake, na hapana hiyo isingerudi ikiwa ndiyo.

Na kweli aliiweka chini, mezani, kando ya keki. Watu wakanyamaza wenyewe.

"Skola," alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Umemsikia. Amekuita taka mbele ya ukoo mzima, kwa mashine yake. Yule wa Matamba hana mashine. Mimi jibu langu mmelisikia, hata kama hiki kidude kinalipindua. Nataka la kwako, niyamalize leo."

Ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba Skolastika angejibu pale pale kwenye sufuria, kila mtu angemsikia. Ndivyo nilivyotegemea, na niliogopa. Badala yake aliweka chini kitambaa cha kushikia sufuria, akapita katikati ya meza bila haraka, akanipita mimi bila kuniangalia, akafika kwenye keki. Akaichukua maiki. Akaiweka karibu na mdomo, pale pale nilipoiweka mimi, akasema polepole, kwa mwendo ule ule wangu:

"Baba, namtaka."

"Taka…" ikasema spika. "Taka… taka…"

Aliisubiri imalize, mpaka ya mwisho ilipofifia kabisa. Kisha akageuza uso kando ya maiki na kusema, "Haya. Sasa tuko wawili."

Mabega ya Mzee Gaudensi ndiyo yaliyoanza kucheka. Mdomo ulikaza, ukakaza, ukashindwa. Alicheka mpaka akakaa, akajifuta macho kwa kofia, na alipopata pumzi alinielekezea kidole. "Haya, mchukue," alisema. "Lakini siku ya harusi yenu nitahutubia kwa mdomo wangu."

Jumatatu nilikwenda dukani kwa Alhaji Mbaraka. Chesko alikuja nami, akinikumbusha njia nzima kwamba yeye ndiye aliyetaka nyeupe tangu mwanzo. Nikaitoa eko ya bluu kwenye gunia, nimeifuta vizuri, nikaiweka mwenyewe kwenye rafu ya vifaa vya cherehani. Alhaji alinishangaa.

"Bwana mdogo, umekosea. Hii ya bluu ndiyo nzuri. Hiyo unayobaki nayo haizimiki, na huyu besi wako kaniambia inameza maneno."

"Naijua, Alhaji," nikamwambia. "Ndiyo maana sitaki nyingine."